Kisu Kirefu Kama Mkono

"Kisu hiki ndilo toleo jipya, mama watoto! Kinakata chochote!"

Mume akakikunjua kisu chake, kirefu kama mkono, akalipasua boksi la mkewe kwa pigo moja.

Ndani mlikuwa na shela la wifi, bibi harusi wa kesho. Mke, fundi cherehani, alilishona wiki tatu, akalikunja mara nane. Sasa alilikunjua mezani. Kila mkunjo ulikuwa na mpasuo wake, mipasuo imepangana kama vifungo vya shati.

"Si utatia kiraka tu?" mume akauliza, huku akikipangusa kisu.

Fundi akanyoosha mkono.

"Hebu nami nikijaribu."

Mume akampa, anachekelea. Fundi akaitungua msumarini suti mpya ya mumewe, akaanza kuikunja. Mara moja. Mara mbili.