Orodha ya Waliohama

Kiatu cha kushoto kilikuwa kirefu kuliko cha kulia kwa upana wa vidole viwili. Mama aliyevileta aliviweka juu ya makaratasi ya kazi, akavisukuma mbele ya karani.

"Hii si kasoro," alisema. "Kuna watoto huzaliwa hivi, mguu mmoja umekataa kukua. Mjukuu wangu ni mmoja wao. Ndipo nikajifunza kushona."

Karani aliigeuzageuza ile jozi. Ngozi laini, mshono wa mkono, soli ya kulia imeongezwa unene ili mtoto asichechemee. Ilikuwa kazi ya mtu aliyekaa nayo siku nyingi.

Wengine hukodisha viti na maturubai. Karani huyu alikodisha majina. Kampuni yake ilikuwa na barua pepe za watu laki tatu waliojaza fomu huku na kule mtandaoni, wakaandika hata umri wa watoto na mtaa waliohamia, wakatia tiki kwenye kiboksi kidogo bila kusoma. Mwenye biashara akija, karani aliwatumia tangazo lake, na shukrani aliyoizoea ilikuwa matusi. "Mmeitoa wapi anwani yangu?" Kila asubuhi aliyafuta kwa mkono mmoja, wa pili umeshika kikombe cha chai. Mumewe alimtania kwamba siku ya kiyama atakuta foleni ya watu laki tatu wanamsubiri yeye tu.

"Mimi kutuma kwa wote siwezi," mama alisema. "Nitafutie wenye watoto wa kiume wa miaka mitano. Waliohama mwaka huu."

"Kwa nini waliohama, mama?"

"Aliyehama hajamjua fundi wa mtaa mpya."

Karani alicheka. Mama alikuwa na akili ya biashara kumshinda bosi wa kampuni. Kwenye tangazo hakutaka jina lake litajwe, maana nani anamjua yeye, na jozi ya kwanza alitaka itolewe bure. Karani alimwonya kwamba atafilisika.

"Mtaka cha mvunguni sharti ainame," mama alijibu. Kisha uso ukamsinyaa. "Nimezunguka kliniki, nimezunguka shule za chekechea. Kila mlango nafukuzwa kama mwizi. Nikikosa hapa, mwanangu, basi tena. Huwezi kunipa hiyo orodha niipitie mwenyewe?"

"Hapo sasa utanisamehe, mama. Orodha haionyeshwi. Hata mama yangu mzazi akija, simwonyeshi."

Alilisema kwa fahari. Katika kazi ile nzima, hilo ndilo jambo pekee aliloweza kulitamka bila aibu.

Tangazo liliondoka Jumatatu, pamoja na picha ya jozi ile, kwa akina mama elfu mbili na mia nne. Jumanne walikuwa wamelifungua mia tatu. Jumatano likaja tusi moja refu. Alhamisi, kimya. Karani alianza kuikimbilia kompyuta hata kabla ya kutua mkoba, jambo ambalo hakuwahi kumfanyia mteja yeyote. Alitaka, walau mara moja, kazi yake imvalishe mtoto kiatu.

Ijumaa asubuhi agizo likaingia. Moja. Alingoja mpaka saa sita, jingine halikuja, akapiga simu huku roho inamuuma.

"Shikamoo mama. Samahani sana, amepatikana mmoja tu."

Upande wa pili redio ikazimwa.

"Mmoja ananitosha," mama alisema. "Nisomee, mwanangu. Miwani sina hapa."

Karani alisita kidogo. Lakini huyu hakuwa tena jina la kwenye orodha. Alikuwa mteja, ameandika mwenyewe kwa hiari yake, na mzigo bila anwani haufiki.

"Anasema hivi: 'Asanteni sana. Nilipoiona picha nililia. Viatu vyake vya zamani tuliviacha, tulitoka bila kubeba kitu. Mguu wa kulia ndio mdogo.' Halafu anaomba jina lake lisiandikwe juu ya mzigo, na anwani asipewe mtu yeyote."

"Mwambie asiwe na wasiwasi."

"Nimeshamwandikia, mama. Nimemwahidi."

Akasoma mtaa, namba ya jengo, ghorofa ya pili, mlango unaotazamana na ngazi. Mama aliomba arudie polepole, akarudia. Mama naye akawa anafuatisha neno kwa neno, kama anayekariri dua.

"Mungu akuzidishie, mwanangu. Hujui ulichonifanyia."

"Asante, mama. Siku njema."

Machozi yalimlengalenga karani. Hakukata simu, kwani mtu mzima hakatiwi simu. Unamsubiri akate mwenyewe. Lakini mama, pengine kwa kukosa miwani, hakukiona kitufe. Simu ililazwa juu ya kitu kigumu, hatua zikasogea, mlango ukafunguliwa.

"Amka, mwanangu," sauti ya mama ilisikika kwa mbali. "Mkeo nimempata. Twende sasa hivi, kabla hajatoroka tena."