Utulivu wa Ghuba Yetu

Watalii wa yoti huzunguka ghuba hadi ghuba kutwa nzima wakitafuta utulivu, na utulivu wenyewe ni sisi tulioziba midomo. Sheria inasema yoti ikitia nanga, mkaazi asionekane wala asisikike mpaka iondoke kwenda kuwanyamazisha wenzetu wa ghuba ya pili. Kunguru na paka wameruhusiwa, hao ni mandhari. Sisi tukisikika, nyumba inavunjwa.

Leo wametia nanga wifi yangu Mishi akiwa na uchungu. Alizaa huku ameuma leso, na mavyaa, mama yake Mishi, akanyoosha kiganja amzibe mjukuu wake mdomo. Hakuwahi. Kilio kilipenya dirishani, na nje walikuwa wakipita wawili walioshuka kutoka yotini.

"Umesikia? Mtoto!" mwanamke alisema.

"Paka huyo," mwanamume akamjibu. "Hapa hapakai mtu."

Mwana wa laana! Niliushika mchi kwa mikono miwili, mavyaa akanitolea macho mpaka nikauweka chini.

Walipong'oa nanga, nilivuta pumzi nipige vigelegele, haki ya kila mtoto anayezaliwa kwetu. Mishi akanishika mkono.

"Usipige, wifi. Wamemwita paka, mwache abaki paka. Angalau atalia anapotaka."

Nilifungua mdomo nimkaripie. Lakini yoti nyingine ilikuwa inaingia ghubani, nikaufunga. Tukanyamaza sote, isipokuwa mtoto.