Swala Aliyekata Upepo

Enzi zile wanyama walipokuwa na baiskeli, walishindana wawili wawili dhidi ya saa, na saa ilisimamishwa pale tu mwenza wa pili alipovuka mstari. Binti Swala alipangwa pamoja na Mzee Nyumbu. Kazi yake ilikuwa kutangulia na kukata upepo, mzee ajibanze nyuma yake.

Walipopita sokoni, nyani wakapiga kelele: "Huyo babu! Kaza hapohapo, babu!"

Swala, jasho likimchuruzika hadi kwatoni, hakutajwa na yeyote.

"Nani anayekata upepo hapa?" akafoka.

"Wewe, mjukuu wangu," Nyumbu akajibu akihema. "Tena unaongoza vizuri. Punguza kidogo tu, mlima huo."

"Shangwe ziwe zako, mlima uwe wangu? Leo watajua anayekubeba ni nani!"

Akachomoka, akamwacha.

Akavuka mstari peke yake, kwato juu. Korongo, mshika saa, hakugeuza hata shingo.

"Mbona husimamishi saa?"

"Mwenzio yuko wapi?"

Wakangoja mpaka kombe likachukuliwa na ngiri wawili. Ndipo Nyumbu akatokeza, pembe zimeinama, akipambana na upepo mwenyewe. Uwanja mzima ukasimama kumshangilia.

"Kumbe babu anaweza peke yake!" wakashangaa nyani. "Sasa yule binti walimpanga naye wa nini?"

 Ushahidi wote alikuwa amewapa Swala mwenyewe.