Mlio wa Nyumba ya Mwisho

Mji mzima ulipata joto kwa maji ya moto ya boila moja, yaliyopita nyumba hadi nyumba ndani ya bomba refu. Asubuhi za baridi kali, walio karibu na boila walifunga koki zao ili joto limfikie Mzee Makungu, aliyeishi peke yake mwisho wa bomba. Likishamfikia, aligonga bomba kwa kijiko, na wao wakafungua.

Leo hajagonga.

"Hebu fungua, mke wangu, tutaganda," alisema Shaame, amejifunika blanketi mpaka puani.

"Bado hajagonga," alijibu Mwanakheri, mkono kwenye koki.

"Atakuwa amelala."

"Na jana, nilipokuwa sokoni, ulisubiri agonge?"

Shaame aliinamia miguu yake. "Jana baridi ilizidi."

Mwanakheri alichukua kijiko, akagonga bomba. Jirani akajibu, kisha wa nyumba iliyofuata, milio ikazidi kwenda mbali, hadi nyumba inayopakana na ya Mzee Makungu. Halafu kimya.

Alibandika sikio kwenye bomba. Nyuma yake, Shaame alikuwa amelivua blanketi, analikunja polepole, kama mtu anayejiandaa kulipeleka mwisho wa bomba.