Petroli ya Marehemu

Asubuhi alipotoka eda, Bi Ruzuna aliwasha gari kuukuu la marehemu mumewe. Injini ingali baridi, gari likarukaruka mpaka gereji ya jirani.

Fundi Shebe akafungua tangi, akanusa.

"Gari zima, shangazi. Petroli ndiyo imelala mno, nguvu imekwisha. Tuimwage, tutie mpya."

"Hii aliitia mwenyewe."

"Litakurusha njia nzima. Watu watacheka."

"Na wacheke. Iache iishe yenyewe."

Shebe akafunga tangi taratibu. "Basi klachi usiiachie upesi."

Bi Ruzuna akaondoka. Gari likashtuka, likasita, likashtuka tena, na pembeni yake kiti alichozoea kukalia yeye, marehemu akiendesha, kikawa kinatikisika kitupu.