Sekunde Tano
Siku hizi mashine hazitii programu, zinatii maelezo yaliyoandikwa kando yake, na kazi ya Mwanakheri ni kuyasahihisha. Asubuhi alikuta mstari wa maelezo ya mashine za kupumulia: "Pumzi ikikatika, msubiri mgonjwa kidogo kabla ya kumwandika marehemu."

"Kidogo ndiyo nini, bibi wee?" bosi wake, Shekiondo, alifoka. "Weka namba!"

Akaweka sekunde tano, akasifiwa, akarudi nyumbani.

Alimkuta mama yake kitandani, anahema kwa taabu. Mashine yake ya kupumulia ilishamwandika marehemu ikajizima, na marehemu hawashiwi mashine.

"Nilipaliwa na chai tu, mwanangu. Iambie inisubiri kidogo."

Mlangoni, waosha maiti walikuwa wanavua viatu.