Lami Ile Ile

Mlango wa kioo ulipofunguka, joto la lami lilimpiga Wavinya usoni, akasimama.

Bintiye, aliyekuwa nyuma yake na mikoba miwili, nusura amgonge. "Twende, Mama. Ndege yetu ndiyo ile."

Wavinya hakusonga. Tangu walipotoka Shauri Moyo asubuhi alikuwa akijiambia kwamba mahali hapa pamebadilika. Na kweli palikuwa na viti vipya, na mama mmoja akiuza chai pale walipokuwa wakisimama askari wenye bunduki. Zamani uwanja huu ulikuwa wa jeshi, na raia hakuingia ila kwa msiba.

"Hapa ndipo nilipompokea baba yako," alisema.

Binti alimtazama. Alilijua kaburi la babake kule Machakos, na picha yake ukutani akiwa na sare. Hakuwahi kuambiwa jinsi alivyorudi.

"Wewe ulikuwa tumboni. Wakaliteremsha jeneza, wakaniambia nisogee. Miguu ikakataa. Sikumwendea."

Abiria wengine waliwapita, wakiufuata mstari wa njano hadi kwenye ngazi za ndege.

Binti akaweka mikoba chini. "Ilikuwa wapi hasa, Mama?"

Wavinya akaonyesha kwa kidevu, upande usio na ndege, ambako nyasi zilikuwa zimepasua lami. Kisha akauvuka mstari.

"Mathe, si huko!" msichana mhudumu wa uwanja alimwita Wavinya. "Mathe! Ndege inatoka!"

Binti alikimbia, akamshika mamake mkono, wakaendelea kutembea kuelekea kwenye zile nyasi.